Huyu Si Mimi

Barua ililetwa Jumatatu asubuhi na mwalimu Prasanna wa shule ya chekechea, ambaye kila uchaguzi ukikaribia hutwishwa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na daftari la wapigakura. Hakutaka kuketi. Alisimama kwenye kipandio cha baraza, upande wa kushoto wa kamba iliyoigawa baraza, akamkabidhi Thithi karatasi kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mama Thithi, usinikasirikie mimi. Mimi natumwa tu."

Thithi alivaa miwani akaisoma mwenyewe. Kompyuta ya usajili ilikuta picha mbili zinazofanana katika kata ya Cherumala: ya Biyathu na ya Thithi, nyumba moja, umri mmoja, miaka sitini na minane. Ikaamua kuwa huyo ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Jina la pili limefutwa. Mwenye malalamiko afike ofisi ya usajili mjini kabla ya Alhamisi saa tisa alasiri.

"Jina la pili ndilo langu," alisema Thithi.

"Ndiyo, mama."

"Na kwa nini langu?"

"Biyathu ametangulia kwenye orodha."

"Hata kuzaliwa alinitangulia. Dakika kumi tu, na mpaka leo nazilipia."

Upande wa kulia wa kamba mtu alikohoa. Alikuwa Biyathu, ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, gongo lake la miguu minne limesimama pembeni, ana bakuli la uji wa mchele mapajani. Alisikia kila neno. Hakusema kitu, kwa sababu ulikuwa mwezi wa uchaguzi.

Kamba hiyo ya makumbi ilifungwa katikati ya baraza kila uchaguzi ulipotangazwa, na ilifunguliwa matokeo yakisomwa. Nyumba ilikuwa ya mama yao, na kwa desturi ya kwao nyumba hubaki kwa mabinti, kwa hiyo pacha hao wawili walizaliwa humo, wakaolewa humo, wakafiwa na waume zao humo. Mwaka mzima walikula sinia moja. Mwezi wa uchaguzi kila mmoja alipika jikoni kwake. Upande wa Thithi ulining'inizwa bendera nyekundu ya chama chake, upande wa Biyathu ya kijani, na kuku tu ndio waliokwenda pande zote mbili bila kuulizwa.

Si kwamba walichukiana. Waliheshimiana mno, ndiyo maana waliogopa kuzungumza. Mwaka mmoja waliwahi kusahau kufunga kamba, na sinia la muhogo na samaki likaishia uani.

Mwalimu Prasanna alishusha sauti. "Hauko peke yako, mama. Pacha kumi na mmoja wamepata barua kama hii. Lakini hao wengine ni vijana, wanapanda pikipiki wawili wawili, wanajionyesha ofisini, yamekwisha."

 Thithi aliitazama ile barua tena. Tangu apate haki ya kupiga kura hakuwahi kukosa hata moja, si ya kata, si ya jimbo, si ya taifa. Mwaka aliojifungua mwanawe alikwenda siku ya tano, akiwa na kichanga begani. Na mama yao mwenyewe, uchaguzi ule wa kwanza wa jimbo, alisimama foleni kwa muda wa saa tatu akiwa na mimba ya miezi minane, na tumbo la pacha. Watu wa Cherumala husema Thithi na Biyathu walipanga foleni ya kura kabla hawajazaliwa.

"Suhara," alimwita mkwewe, mke wa mwanawe aliye kazini Ghuba. "Nitolee kitenge changu cheupe kile cha sherehe. Kesho tunakwenda mjini. Na ukishushe kile cheti ukutani."

*

Cheti hicho kilikuwa kwenye fremu ya kioo, na kilikuwa fahari ya nyumba. Kiliachwa na daktari Lekshmi, mtafiti aliyefika Cherumala miaka sita nyuma na vichupa vyake. Watafiti hawakuwa wageni kijijini. Pacha wamejaa pale, na kila baada ya miaka michache huja mtu kuwaomba mate na kuwauliza maswali. Wa kwanza waliuliza maji ya kisima. Wa pili waliuliza chakula. Lekshmi aliuliza kura.

"Mnakwenda kupiga kura kila mara?" aliwauliza.

"Kila mara," walijibu kwa pamoja.

"Mnampa nani?"

Hapo wakatazamana, Lekshmi akalazimika kuwahoji kila mmoja chumba chake. Alipomaliza alicheka mwenyewe. Aliwaambia kuwa yeye na wenzake bado wanapima, na mtu asiende kuapa kwa maneno yake, lakini wanadhani moyo ule wa kuamka alfajiri na kwenda kupanga foleni huenda kwa sehemu umo kwenye damu, mtu huurithi kama anavyorithi pua. "Ila damu ikikufikisha mlangoni," alisema, "haikwambii sana ubonyeze wapi kwenye mashine ya kura. Hayo mtu huyapata kwingine."

Thithi alijua aliyapata wapi. Miaka arobaini alisokota biri, zile sigara ndogo za majani, katika ukumbi wa ushirika, na katika ukumbi ule wafanyakazi walichanga kumlipa mtu mmoja asisokote chochote ila akae juu ya meza awasomee magazeti kuanzia asubuhi hadi jioni. Mikono ilisokota, masikio yalisoma. Biyathu hakuketi ukumbi ule hata siku moja. Yeye alipikia watoto yatima wa chuo cha msikitini, na waliomletea mchele mwaka wa njaa walikuwa watu wa kijani. Nani angemlaumu?

Ofisi ya usajili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya soko la viazi na vitunguu. Lifti ilikuwepo, imefungwa kufuli tangu mvua za kwanza. Thithi alihesabu vipandio thelathini na vinne, kisha akakaa kwenye benchi saa mbili na fremu yake mapajani mpaka karani alipomwita.

Afisa aliitwa Sudhakaran. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka huumiza wenzake bila kukusudia.

"Wewe ni Biyathu?"

"Mimi ni Thithi. Ndiyo shida yenyewe."

"Una ushahidi gani?"

Thithi aliweka fremu mezani kwa mikono miwili. "Huo hapo. Umetoka chuo kikuu. Tumepimwa damu na mate, mimi na dada yangu."

Afisa alisoma. Karani alichungulia begani kwake naye akasoma, akafunika mdomo.

"Mama," alisema afisa taratibu, "hapa pameandikwa nyinyi ni pacha wa yai moja. Pameandikwa vinasaba vyenu havitofautiki."

"Naam! Muhuri huo hapo."

"Havitofautiki, mama. Mimi kompyuta imeniambia hamtofautiki, na wewe umeniletea daktari wa kuitetea kompyuta."

Karani alishindwa kujizuia akacheka. Watu wawili waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka pia, hata bila kujua wanacheka nini. Suhara aliinamisha kichwa. Thithi aliichukua fremu yake, akaigeuza kifudifudi juu ya mapaja, na masikio yakamwaka moto. Miaka sita aliwaonyesha wageni cheti kile, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba kinaweza kumgeuka.

"Alama za vidole basi," alisema Suhara. "Pacha hawafanani vidole. Hilo hata mtoto wa shule anajua."

"Hapo umenena," alikubali afisa. Karani akasogeza kimashine chenye taa nyekundu. "Weka kidole gumba, mama."

Thithi aliweka. Mashine ililia. Akaweka cha pili, ikalia. Karani alimfuta vidole kwa kitambaa, kisha kwa maji, kisha kwa limau aliloomba chumba cha jirani. Kumi vyote viliwekwa, na kwa kila kimoja mashine ikalia. Karani alimshika mkono akaugeuzia dirishani. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja. Majani ya biri yalizisugua miaka arobaini mpaka yakafuta kila kitu.

"Huna alama, bibi," alisema karani, na safari hii hakucheka.

"Alama ninazo," alijibu Thithi. "Mashine yenu haijui kusoma kazi."

Afisa aliguna, akafunga faili. "Imebaki njia moja. Mje nyote wawili, hapa mbele ya meza yangu, kwa wakati mmoja. Niwaone kwa macho. Kesho kutwa saa tisa nafunga orodha."

"Dada yake alivunjika nyonga wakati wa mvua. Ana chuma ndani. Hawezi ngazi," alisema Suhara. "Bwana mkubwa, si ushuke tu kidogo? Tutamleta mpaka mlangoni kwa bajaji."

"Nikishuka kwa mmoja nitashuka kwa wote. Malalamiko husikilizwa mezani."

*

"Muombe, mama," alisema Suhara walipofika nyumbani.

"Mwezi wa uchaguzi siombi kijani hata chumvi."

"Basi usiombe kijani. Muombe dada yako."

"Ni mtu yule yule."

"Mbona huko mjini ulikuwa unapigania kwamba watu ni wawili?"

Thithi alimkata jicho, akaenda kumenya muhogo. Hata hivyo Suhara hakuwa mtu wa kungoja ruhusa. Aliinama akapita chini ya kamba, akachuchumaa karibu na kiti cha plastiki, akaeleza yote: ngazi, fremu, kicheko, limau, vidole. Biyathu alisikiliza akitafuna tambuu. Suhara alipofika kwenye kicheko cha karani, Biyathu aliacha kutafuna.

"Walimcheka?"

"Walimcheka, Mama Mkubwa."

Wakati huo Moidu alikuwa anaingia uani na bajaji yake yenye bendera mbili za kijani. Moidu alikuwa mwana wa Biyathu, na wakala wa chama chake katika kata, mtu anayejua kura za Cherumala kama anavyojua mashimo ya barabara. Mara iliyopita walishinda kwa kura tatu. Alisikia mwisho wa maneno akaelewa mwanzo.

"Mama, hiyo ngazi huipandi. Daktari alisema nini? Ukianguka tena, basi."

"Daktari alisema nisipande. Hakusema nisipandishwe."

"Mama." Moidu alitazama upande wa pili wa kamba, ambako mama yake mdogo alikuwa anamenya muhogo kwa fujo. Akashusha sauti, lakini si ya kutosha. "Mimi simfuti mtu. Imemfuta kompyuta. Sisi hatukutia mkono. Tulishinda kwa tatu, safari hii hali ni mbaya zaidi, kila kura ni kura. Wewe ukae tu. Kukaa si dhambi. Mtu mgonjwa akikaa nyumbani, nani atamsema?"

Kisu cha Thithi kilisimama. Alitamani kusema, na alitamani asiwe amesikia. Nafsi yake ilimwambia kwamba Moidu, kwa hesabu ya uchaguzi, alikuwa anasema kweli, na yeye mwenyewe angekuwa wakala labda angesema hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Moidu," alisema Biyathu. "Nimeshindana na huyu mtoto wa mama yangu miaka hamsini. Nikimshinda nataka awe amesimama. Wewe unataka nimshinde amefungwa miguu, halafu usiku nilale?"

"Mama, hii ni siasa."

"Na mimi nimesema nini? Nimezungumzia kusuka nywele?" Kisha akapaza sauti, ingawa Thithi alikuwa hatua nne kutoka kwake. "Suhara! Mwambie mama mkwe wako hivi: nyonga yangu haimdai kitu. Aache kumenya muhogo kama anamchinja mtu."

"Suhara," alisema Thithi bila kugeuka, "mwambie huyo, sikumuomba."

"Mwambie najua hakuniomba. Kiburi hicho amekirithi wapi?"

"Mwambie pale pale alipokirithi yeye."

Suhara alisimama katikati, kamba tumboni, hana la kumwambia yeyote kwa kuwa wote walikuwa wamekwisha kuambiana.

*

Alhamisi saa nne asubuhi Biyathu alikuwa amekwisha kuvaa. Nguo nyeupe, shela nyeupe, vipuli vyote saba kila sikio. Moidu hakutokea, alikuwa amenuna. Waliita bajaji nyingine, na pacha wakakaa kiti kimoja bega kwa bega, Suhara mbele na dereva. Kamba haikuwemo ndani ya bajaji, kwa hiyo hawakujua sheria inasemaje. Walinyamaza njia nzima kwa tahadhari.

Sokoni Suhara alikwenda kutafuta mahamali wa kubeba kiti. Hapo palizuka jambo ambalo haliwezi kuzuka mji mwingine. Mahamali wa soko lile wana vyama viwili, chekundu na cha kijani, na kila kipandio cha soko kina wenyewe. Waliokuwa zamu walikuwa wekundu.

"Bibi huyu ni wa kijani," alisema kijana mmoja wa kijani, aliyemtambua. "Mzigo wetu."

"Ngazi hii siku ya leo ni yetu," alijibu mwekundu. "Mzigo wowote unaopanda hapa tunapandisha sisi."

"Hata bibi yetu?"

"Hata angekuwa bibi yangu."

"Jamani!" alifoka Biyathu kutoka kwenye kiti chake. "Mimi si gunia la vitunguu! Wawili huku, wawili huku, na atakayeniangusha nitamjua rangi yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Wekundu wawili walishika miguu ya mbele ya kiti, wa kijani wawili ya nyuma, na Biyathu akapanda ngazi ya ofisi ya usajili ameketi wima, mkono mmoja kwenye ukingo wa kiti, mwingine umeshika shela. Kila kipandio uso wake ulikunjamana kwa maumivu ya nyonga, na kila kipandio aliukunjua tena kabla watu hawajamwona. Thithi alikuwa nyuma yake. Hakuuona, ila alijua yote, maana uso ule aliujua kwa ndani. Kwenye kipandio cha ishirini alitaka kusema warudi, na kura iende zake. Alifungua mdomo.

"Usithubutu," alisema Biyathu bila kugeuza shingo.

 Walipoingia, afisa Sudhakaran alivua miwani, akaivaa tena. Mbele ya meza yake zilikuwa nyuso mbili zenye pua moja, paji moja, na hasira moja. Karani yule aliyecheka alisimama bila kuambiwa, akaleta viti.

"Sasa," alisema afisa, "nani ni Thithi?"

"Mwenye meno machache," alisema Biyathu.

"Mwenye akili nyingi," alisema Thithi.

Afisa aliandika muda mrefu, kisha akageuza karatasi. "Bibi Biyathu, hili ni tamko la kiapo. Ukilitia saini, jina la ndugu yako linarudi leo leo. Naweza kukusomea?"

"Nipe. Sisi tulisomeshwa."

Aliipokea karatasi, akaishika mbali na macho, akasoma kwa sauti iliyofika hadi kwenye foleni: "Mimi, Biyathu, wa kata ya Cherumala, naapa kwamba Thithi, aliyesimama hapa, si mimi." Akaishusha. "Haya tu?"

"Haya tu, bibi."

"Miaka sitini na minane nawaambia watu neno hili. Nilimwambia mkunga, nikawaambia walimu, nikamwambia mpaka bwana harusi. Leo ndiyo mmeniomba kwa maandishi." Akatia saini, herufi moja moja, bila haraka. Kisha akamtazama afisa machoni. "Mwanangu, nakuuliza. Mimi nilikuwa na watu wa kunibeba. Yule asiye na wa kumbeba, jina lake linarudije?"

 Afisa alipiga muhuri, akaupiga tena pembeni ambako haukuhitajika. Kisha akasimama, akawasindikiza mpaka kwenye ngazi, na akashuka nao vipandio vyote thelathini na vinne, ameshika gongo la miguu minne lisilokuwa na mtu.

Kwenye bajaji Thithi alitaka kushukuru. Maneno yalimjaa kifuani, na alijivunia dada yake kiasi cha kutaka kulia.

"Dada," alianza.

"Bado siku tisa," alisema Biyathu. "Kamba bado imefungwa."

*

Siku ya kura walikwenda kwa zamu, kama sheria ya nyumba ilivyotaka. Biyathu alipelekwa na Moidu saa mbili asubuhi. Saa tatu Thithi alitembea mwenyewe hadi shule ya msingi, akapanga foleni ya wanawake, akafika mezani.

Msimamizi, mgeni wa wilaya nyingine, aliinua macho akaruka. "Wewe bibi! Si umekwisha kupiga saa ile? Nani amekufuta wino?"

 Thithi aliinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kisicho na wino wala mistari.

Msimamizi aligeukia benchi la mawakala. "Kuna mwenye pingamizi?"

Wakala wa kijani alikuwa Moidu. Kwa kanuni, angeweka ada ya rupia mbili mezani na kusema neno moja, uchunguzi ungeanza, karatasi zingetafutwa, foleni ingechemka, na bibi wa miaka sitini na minane angesimamishwa mbele ya watu kama mwizi. Huenda angechoka akaenda nyumbani. Moidu alizitazama karatasi zake. Akanywa maji. Akamtazama mama yake mdogo, na uso aliokutana nao ulikuwa ule uliomlea.

"Sina pingamizi," alisema. "Huyo siye yule. Yule ni mama yangu."

Thithi akapakwa wino, akaenda nyuma ya kadibodi, akabonyeza alipobonyeza siku zote.

*

Matokeo ya kata yalisomwa siku nne baadaye, kabla ya adhuhuri. Thithi aliyasikia kwanza kama fataki kutoka njia panda, kisha kama ngoma. Msafara wa bendera nyekundu ulipanda mteremko hadi kwenye lango lake, vijana wamepakana unga mwekundu mpaka kope, wakimwita kwa jina: "Mama Thithi! Toka! Tumeshinda!"

Alitoka mpaka langoni. Aliwapa mkono mmoja mmoja, na alifurahi kweli, hakuficha. Kisha akawaambia: "Sasa nendeni mkapige ngoma zenu kule chini njia panda. Hapa kuna mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Yule wa kijani?" alisema mmoja kwa dhihaka.

"Yule aliyenipandisha ngazi ya mjini," alisema Thithi. "Ukitaka kumcheka, niondoe kwanza mimi mama yako kwenye orodha ya waliokupigia kura."

Kijana aliinamisha bendera. Msafara ukageuka, ngoma zikashuka taratibu.

Thithi akarudi barazani. Alianza kufungua kamba, lakini vidole vyake laini viliteleza kwenye fundo, na alikuwa bado anahangaika nalo bajaji ya Moidu ilipoingia uani. Bendera zilikuwa zimevuliwa. Moidu alikaa kwenye kipandio bila kuvua viatu, mgongo kwa mama yake, mikono imening'inia.

"Tumeshindwa kwa ngapi?" aliuliza Biyathu.

 Suhara alikuja na sinia la muhogo na mchuzi wa samaki, akasimama mlangoni. Thithi aliiacha kamba.

"Kwa moja," alisema Moidu. "Kura moja, mama. Mia nne na kumi na saba kwa mia nne na kumi na nane. Walihesabu mara mbili. Moja."

 Macho ya Biyathu yalijaa machozi, kwa sababu alikipenda chama chake, na alikuwa ameota ushindi ule tangu mvua. Aliyafuta kwa ncha ya shela. Kisha akainua kichwa, akakikaza kile kidevu walichozaliwa nacho wote wawili, akanyoosha mkono wa kupokea sinia juu ya kamba.

"Naijua kura hiyo," alisema. "Niliipandisha ngazi mimi mwenyewe."